Jean-Martin Charcot, munganga aliyesikiliza maneno yaliyokatika

Kuna namna ya kusema ambayo, ukiisikia mara ya kwanza, unafikiri mtu amekunywa. Maneno yanatoka polepole. Kila neno linakatwa vipande, na kati ya kipande na kipande kuna kimya kidogo, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Ha-ba-ri ya a-su-bu-hi. Ulimi unaonekana mzito. Jirani anasikia, anatikisa kichwa, anaenda zake. Kumbe huyo mtu hajagusa hata tone moja la pombe.

Katika karne ya 19, huko Paris, muji mkuu wa Ufaransa, wamama wenye kusema hivyo walikuwamo katika hospitali kubwa ya maskini iitwayo Salpêtrière. Waliishi humo pamoja na wazee wasio na mtu wa kuwatunza, wenye kifafa, waliopooza na waliorukwa na akili. Wengi waliingia humo wakabaki mpaka kufa, bila mtu kujua vizuri ni ugonjwa gani uliowaangusha. Aliyeanza kuwatenganisha mmoja mmoja, na kusema kwamba hii namna ya kukatakata maneno ni alama ya ugonjwa unaojulikana na wenye pahali pake katika ubongo, alikuwa munganga Jean-Martin Charcot. Kwa wanganga wa Congo waliosomea kwa Kifaransa jina lake si geni, maana kuna ugonjwa wa kukausha misuli ambao kwa Kifaransa unaitwa mpaka leo ugonjwa wa Charcot. Lakini kazi yake juu ya ugonjwa mwingine, sclérose en plaques, inafaa kusimuliwa peke yake, kwa sababu ndani yake kuna habari ya watu wanaonyimwa nafasi ya kusikilizwa.

Mtoto wa fundi wa magari ya farasi

Charcot alizaliwa Paris tarehe 29 Novemba 1825. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kuvutwa na farasi. Nyumba haikulala njaa, lakini mali haikuwa nyingi. Walikuwa watoto wanne wa kiume, na inasimuliwa kwamba baba aliona wazi kuwa franka za kusomesha mpaka juu zitatosha kwa mmoja tu, yule atakayefanya vizuri zaidi masomoni. Jean-Martin ndiye aliyeshinda. (Hesabu ya namna hiyo, wazazi wengi wa Kivu na Ituri wanaijua bila kufundishwa.)

Alikuwa kijana wa kimya, mwenye kupenda vitabu na kuchora. Kuchora alikupenda kiasi cha kufikiria kukufanya kazi. Mwishowe akachagua udaktari, lakini penseli hakuiacha hata siku moja: alichora wagonjwa, alichora namna walivyosimama na kutembea, na baadaye alichora alichokiona kwenye darubini. Mwaka 1848 alikubaliwa kuwa mwanafunzi wa ndani katika hospitali za Paris, na ndipo alipopita Salpêtrière kwa mara ya kwanza. Mwaka 1853 alimaliza masomo kwa kitabu juu ya magonjwa ya viungo vya wazee, akionyesha tofauti kati ya ugonjwa wa jongo na baridi yabisi. Hata hapo tayari unaona tabia yake: kuchukua vitu viwili ambavyo watu wote wanaviweka katika kapu moja, na kuvitenga.

Mwaka 1864 alioa mjane kijana mwenye mali, Augustine-Victoire. Walizaa watoto wawili. Yule wa kiume, Jean-Baptiste, alisomea udaktari pia, kisha akapenda bahari kuliko hospitali, akawa msafiri maarufu wa nchi za barafu, na akafa na merikebu yake karibu na Iceland mwaka 1936.

Hospitali iliyokataliwa

Salpêtrière ilianzishwa mwaka 1656, pahali palipokuwa zamani kiwanda cha baruti. Kwa miaka mingi ilikuwa pa kufungia wanawake ambao muji haukutaka kuwaona: omba-omba, malaya, wagonjwa wasio na dawa. Charcot alipopewa huduma humo mwaka 1862, kulikuwa na wanawake karibu 5000. Kwa munganga kijana mwenye kutafuta jina, haikuwa nafasi ya kujivunia. Wengine walipita humo haraka na kuomba kuhamishwa.

Charcot alibaki, akabaki miaka zaidi ya 30. Yeye na rafiki yake Alfred Vulpian walianza kazi ambayo hakuna aliyeifanya mbele yao kwa namna hiyo: kupita chumba kwa chumba, kitanda kwa kitanda, na kuandika kila mgonjwa ana nini. Anatembea? Mkono unatetemeka lini? Macho yanatulia? Anasema namna gani? Waliandika miaka na miaka. Mgonjwa alipokufa, mwili ulipasuliwa, na ubongo na uti wa mgongo ukaangaliwa kwa macho na kwa darubini. Hapo walilinganisha mambo mawili: alama walizoziona mtu akiwa hai, na majeraha waliyoyakuta ndani baada ya kufa. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulianza kupata ramani.

Njia hii ina upande wake mchungu, na hakuna haja ya kuuficha. Wale wamama hawakuwa na pa kwenda. Munganga aliweza kuwangojea miaka 10 mpaka wafe ili aone kilichokuwa ndani. Elimu ambayo leo inasaidia watu duniani kote ilitoka katika miili ya maskini ambao wachache sana tunajua hata majina yao.

Mtumishi aliyevunja sahani

Mmoja wao alikuwa mtumishi wa nyumbani. Habari yake iliandikwa na Sigmund Freud, munganga wa Vienna aliyekuwa mwanafunzi wa Charcot, mwaka 1893. Alisimulia kwamba Charcot, wakati bado anajitafuta katika kazi, alimwajiri mwanamke ambaye hakuna mtu mwingine aliyetaka kumpa kazi, kwa sababu mikono yake ilitetemeka kwa namna ya ajabu. Akishika sahani, inaanguka. Akibeba kikombe, chai inamwagika. Wanganga wa wakati ule walikuwa na jina la hali hiyo, lakini hawakujua inatoka wapi.

Charcot alimweka nyumbani miaka mingi, na vyombo viliendelea kuvunjika kwa hasara yake. Je, ni huruma? Ni hamu ya kujua? Inawezekana vyote viwili, na pengine hamu ilikuwa kubwa zaidi. Yule mwanamke alipofariki, Charcot aliangalia ubongo na uti wa mgongo wake, akakuta mabaka magumu ya rangi ya kijivu yaliyotawanyika huku na huku.

Mabaka hayo yalikuwa yamekwisha kuonekana. Tangu miaka ya 1830 na 1840, Cruveilhier huko Ufaransa na Carswell huko Uingereza walikuwa wameyachora vizuri kabisa. Lakini waliyaona kwa maiti. Hakuna aliyekuwa ameonyesha waziwazi ginsi ya kuyatambua kwa mtu angali hai, amekaa kwenye kiti mbele yako. Hilo ndilo Charcot alilofanya katika mafundisho yake ya mwaka 1868, na ugonjwa akaupa jina ambalo Wafaransa wanalitumia bado, jina linalosema tu kilichomo: mabaka yaliyokuwa magumu.

Kosa kubwa la wakati ule lilikuwa kuuchanganya na ugonjwa wa kutetemeka wa wazee, ule ambao Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817. Charcot alionyesha tofauti ambayo hata mtu asiye munganga anaweza kuiona. Mwenye Parkinson mkono wake unatetemeka ukiwa umetulia kwenye paja. Akiutumia, mtetemeko unapungua. Mwenye mabaka mkono wake umetulia ukiwa kwenye paja. Mpe kikombe apeleke mdomoni, mtetemeko unaanza, na kadiri kikombe kinavyokaribia mdomo ndivyo unavyozidi. Ili wanafunzi waliokaa nyuma kabisa waone tofauti, aliwavalisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ya ndege. Manyoya yalicheza, kila ugonjwa kwa namna yake. Leo jambo hilo linaleta aibu kidogo, lakini aliyeliona hakulisahau.

Alama ya tatu

Charcot alitaja alama tatu kubwa za ugonjwa huo. Ya kwanza ni macho kuchezacheza, yanasogea yenyewe kwa haraka bila mtu kutaka. Ya pili ni huo mtetemeko wa mkono unaotumwa kazi. Ya tatu ni usemi.

Kuhusu usemi alitumia masikio kama vile mwingine anavyotumia darubini. Alisikia kwamba maneno yanatoka polepole na kwa kuburutwa, mara nyingine hata hayasikiki vizuri. Alisikia kwamba silabi zinapimwa kama mtu anayehesabu, na kwamba baada ya kila moja kuna pumziko. Alikiri kwamba inafanana na usemi wa mtu aliyelewa. Lakini mlevi, kesho yake, anasema sawasawa. Huyu, kesho yake, ni vilevile, na mwaka ujao pengine ni vibaya zaidi.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kuelewa jambo hili vizuri sana. Katika Kiswahili kila neno lina pahali pa kukaza, silabi ya pili kutoka mwisho: asubuhi inakazwa kwenye bu, hospitali kwenye ta. Ndiyo inayofanya lugha iwe na mwendo, kama ngoma. Kwa mgonjwa wa namna hii, mkazo unasambaa, kila silabi inapata uzito uleule. Maneno ni yaleyale, yako kwa mpangilio wake, maana yake ni kamili. Kilichopotea ni mwendo. Na mwendo ukipotea, msikilizaji anachoka haraka, anaanza kumalizia sentensi za mwenzake, mwishowe anaacha kabisa kumuuliza.

Kwa nini inakuwa hivyo? Charcot aliangalia vipande vya ubongo kwa darubini, akaona kwamba ndani ya mabaka nyuzi za fahamu mara nyingi zingalipo, lakini ganda lao la mafuta limekwisha. Fikiria waya wa umeme uliochunwa plastiki yake: moto unapita, lakini unapotea njiani. Elimu iliyokuja baadaye iliongeza kwamba ni kinga ya mwili yenyewe inayoshambulia ganda hilo. Na kusema ni kazi ya kushangaza kwa wingi wa viungo vinavyohusika: pumzi, koo, kaakaa, ulimi, midomo, vyote lazima vifike kwa wakati mmoja. Anayewapangia zamu ni ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa. Mabaka yakiingia pale, au kwenye njia zake, zamu zinavurugika. Ni ubongo huohuo mdogo unaoongoza mkono kufika kwenye kikombe. Ndiyo maana mara nyingi mtu anayemwaga chai ndiye huyohuyo anayekata maneno.

Charcot hakusema kwamba akili haiguswi kamwe. Aliandika kwamba baadhi ya wagonjwa walisahau mambo, na kwamba wengine walicheka au kulia bila sababu. Lakini usemi uliokatika na akili iliyochoka ni vitu viwili, na mtu anaweza kuwa na cha kwanza bila cha pili. Watu wengi mpaka leo wanavichanganya, hata kati ya wale waliosoma.

Dawa hakuwa nayo

Alijaribu. Alitoa chumvi za dhahabu, chumvi za fedha, strikinini, maji ya baridi, umeme. Katika mafundisho yake hakudanganya: alisema wazi kwamba hakuna kilichosaidia kwa muda mrefu. Nafuu ilikuja na kuondoka yenyewe, kwa sababu ndiyo tabia ya ugonjwa huo, na munganga asiye mwaminifu angeweza kuichukua nafuu hiyo na kuiita kazi ya dawa yake.

Mafundisho yake yalichapishwa, na mwaka 1877 munganga George Sigerson wa Dublin aliyatafsiri kwa Kiingereza. Ugonjwa ambao ulidhaniwa kuwa adimu sana ulianza kuonekana Uingereza, Ujerumani, Marekani. Haukuwa umezaliwa jana. Macho na masikio ndiyo yaliyofunguliwa. Hata hivyo jambo moja lilileta hasara. Wanganga wengi walizishika zile alama tatu kama sheria, wakangoja zote tatu zionekane pamoja. Wagonjwa wengi hawazipati zote. Wengine wanaanza kwa jicho moja kuona giza, wengine kwa miguu kufa ganzi, wengine kwa uchovu usioeleweka, na usemi unabaki mzuri miaka mingi au maisha yote. Charcot mwenyewe alifundisha kwamba kuna sura za ugonjwa zisizo kamili, lakini wafuasi walishika zile tatu tu.

Mwaka 1882 serikali ya Ufaransa ilimpa kiti cha uprofesa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, kilichoundwa kwa ajili yake. Mtoto wa fundi wa magari ya farasi sasa alikaa katika nyumba kubwa ya Boulevard Saint-Germain, akitibu wakubwa wa dunia, pamoja na mfalme Dom Pedro wa Brazil. Alikuwa mtu mgumu, mwenye amri, asiyependa kupingwa. Katika kumpima mgonjwa alikaa kimya muda mrefu, anaangalia tu, vidole vinagonga meza. Wanyama aliwapenda sana. Kuwinda na kuwapasua wakiwa hai alikuchukia.

Pahali alipoteleza

Sehemu ya mwisho ya maisha yake ndiyo iliyomfanya maarufu zaidi, na ndiyo iliyoharibu jina lake kwa muda. Alijishughulisha na histeria, yaani wanawake waliopatwa na degedege, kupooza au kukosa sauti bila jeraha lolote kuonekana mwilini. Aliwalaza usingizi wa kutiwa na munganga, mbele ya umati. Waandishi na wasanii walikuja kutazama kama wanakwenda tamthilia, na mwaka 1887 mchoraji André Brouillet alitengeneza picha kubwa ya somo kama hilo. Wanganga wengine walisema kwamba wagonjwa wale walikuwa wamekwisha kujifunza kinachotakiwa, wakakifanya. Kwa sehemu kubwa walikuwa na haki. Baada ya kifo chake, hata Joseph Babinski, mwanafunzi wake mpendwa, aliiacha fikra hiyo.

Ajabu yake ni kwamba yule aliyewapa wamama wenye mabaka jina la kweli la ugonjwa wao, ndiye pia aliyelifanya neno histeria kuwa kubwa hivyo. Na miaka mingi baada yake, wanawake waliopata ganzi, kizunguzungu au shida ya kusema waliambiwa wana histeria, warudi nyumbani wakapumzike, kumbe mabaka yalikuwa yanawala.

Charcot alifariki tarehe 16 Agosti 1893, akiwa na miaka 67, safarini katika mkoa wa Morvan, karibu na ziwa la Settons. Moyo ulikuwa umechoka. Mwili wake ulirudishwa Paris, ukawekwa katika kanisa la Salpêtrière, katikati ya jengo lilelile ambalo wengine walilikimbia. Alizikwa katika makaburi ya Montmartre. Sanamu yake ya shaba iliwekwa mbele ya hospitali mwaka 1898. Wakati wa vita ya pili ya dunia iliyeyushwa.

Hospitali yenyewe ipo na inafanya kazi. Ugonjwa nao upo. Ni mwingi zaidi katika nchi za baridi, na katika nchi za ikweta kama zetu ni wa nadra, lakini nadra haimaanishi kwamba haupo, na wenye kuugua Afrika mara nyingi wanachelewa kujulikana. Dawa ya kwanza yenye kupunguza mashambulizi ilikubaliwa Marekani mwaka 1993, miaka 100 kamili baada ya kifo cha Charcot. Dawa za leo zinazuia mengi, bei yake ni kubwa, na hakuna inayoponya kabisa.

Kwa usemi, kinachosaidia zaidi ni mazoezi na mtaalamu wa usemi, yule anayeitwa kwa Kifaransa orthophoniste: kuvuta pumzi mbele ya kusema, sentensi fupi, kupumzika kwa kutaka kwako pahali pa kupumzika kwa kulazimishwa. Joto na uchovu vinazidisha shida, kwa hiyo mazungumzo ya maana yanafaa asubuhi kuliko jioni. Kusema kukiwa kugumu, kumeza nako kunaweza kuwa kugumu. Mtu anayekohoa kila mara akinywa maji apelekwe kwa munganga. Na ikitokea usemi wa mtu unaharibika ghafla, kwa dakika tu, mdomo unapinda au mkono unaanguka, hiyo ni habari nyingine, pengine damu imeziba au kumwagika ndani ya ubongo: akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Wataalamu wa magonjwa ya mishipa ya fahamu wanatumia bado masikio, pamoja na mashine zote zilizokuja. Wanamwomba mgonjwa arudilie haraka pa-ta-ka, pa-ta-ka, pa-ta-ka, midomo, ncha ya ulimi, nyuma ya ulimi, na wanasikiliza pahali zamu inapovurugika. Kisha wanamwomba asimulie kwa maneno yake mwenyewe ugonjwa ulianza ginsi gani, na kwa hilo inabidi kumwachia muda mpaka amalize.